Moteri ya mazutu katika gari la kuishi: jinsi tunavyoitunza kutoka Lubumbashi

Moteri ya gari la kuishi haichakazwi na safari ndefu. Inachakazwa na kukaa. Lori linalopeleka mizigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, linatembea kila siku: moteri inapata joto lake kamili, mafuta ya kulainisha yanafika kila kona, mazutu, yaani dizeli, hayapati muda wa kulala ndani ya tangi. Gari la kuishi linakwenda siku moja, linaegeshwa wiki mbili chini ya mwembe, linawashwa dakika kumi ili kuchaji betri, linazimwa. Kisha mwenyewe anashangaa kwa nini moteri yenye kilomita chache inatoa moshi kuliko mabasi ya zamani ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Ukilishika jambo hili moja, nusu ya maelekezo yafuatayo utayagundua mwenyewe.

Mimi na mume wangu tunatengeneza vyerehani. Kiangazi kinapoanza, mwezi wa tano, tunafunga nyumba yetu Katuba na kuhamia ndani ya Toyota Coaster tuliyong'oa viti tukaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na meza ya kazi. Tunafuata misheni, masoko na shule za ushonaji: Likasi, Kolwezi, Kasenga na vijiji vya njiani. Mvua zikirudi, nasi tunarudi mjini. Yeye anashika vyerehani, mimi nashika usukani na moteri. Marehemu baba alikuwa fundi wa vichwa vya treni vya mazutu katika SNCC, shirika la reli la Kongo, na ndiye aliyenifundisha kuisikiliza moteri kabla ya kuigusa.

Moteri yetu ni 1HZ: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya mazutu haiongozwi na kompyuta. Kama bado unachagua gari, nakusihi utafute ya namna hiyo. Moteri za kisasa zina nguvu na hazili mazutu sana, lakini zinayasukuma kwa shinikizo linalozidi bari 1,000, na matundu ya injekta zake ni membamba mno. Bidoni moja la mazutu machafu linatosha kuziharibu. Zile zenye filta ya masizi kwenye bomba la moshi zinadai mazutu yenye salfa kidogo sana, tena zinadai safari ndefu za mwendo wa kasi ili masizi yaungue. Gari linalolala porini upande wa Kasenga halipati hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Mazutu

Moteri ya mazutu haina buji ya cheche. Inavuta hewa na kuikandamiza, kwa moteri kama yetu zaidi ya mara ishirini, hadi hewa inakuwa na moto wa kuwasha mazutu mara tu injekta inapoyapuliza. Vipande vya ndani ya pampu na injekta vimechongwa kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na katika pampu kama hii yetu hakuna kilainishi kingine ila mazutu yenyewe yanayopita. Kwa hiyo maji au petroli ikichanganyika humo, tatizo si nguvu kupungua tu: chuma kinasuguana na chuma kikavu.

Nunua kwenye kituo chenye foleni ya malori, kwa sababu mazutu yake hayakai. Ukikuta lori la tangi linashusha mzigo, nenda ukanywe chai kwanza. Mazutu yanapomiminwa kwa nguvu yanatibua uchafu na maji yaliyotulia chini ya tangi la kituo. Ukiwa mbali na mji na huna budi kununua kwa makadafi, wale wauza mafuta wa barabarani, usimimine lolote kabla hujayaona. Mimi nina chupa ya kioo isiyo na rangi, ya lita moja. Najaza, nafunga, naiacha itulie, ikiwezekana usiku mzima. Asubuhi natazama chini. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yanakaa chini kama tone au mstari unaoonekana wazi ukiinamisha chupa. Mazutu mazuri yanapitisha mwanga. Yenye ukungu yana maji yaliyotawanyika. Halafu nasugua tone kati ya vidole. Mazutu yanabaki na utelezi. Yaliyotiwa petroli yanakauka haraka na kuacha ngozi kavu, na harufu yake inakupanda puani.

Muuzaji asikuharakishe. Kijana mmoja njia ya Kasenga aliniambia, «Mama, mazutu ni mazutu tu.» Nikamwambia, «Mwanangu, acha nitazame, pesa yako naishika hapa.» Tulipoinamisha chupa pamoja aliyaona maji mwenyewe, akanipa bidoni lingine. Hata hilo nililimimina kupitia faneli yenye kichujio cha kitambaa kizito, na sehemu ya mwisho, karibu vidole viwili vya chini ya bidoni, siitii kwenye tangi kabisa. Huko ndiko kutu na mchanga hukaa.

Adui wa pili wa mazutu yuko ndani ya tangi lako mwenyewe. Hapa kwetu, mwezi wa sita na wa saba, mchana ni joto la shati moja na usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Tangi lenye nafasi tupu linajaa hewa, hewa ina unyevu, na usiku unyevu huo unagandamana kwenye kuta za tangi kuwa matone yanayoteremka chini ya mazutu. Kila usiku kidogo kidogo. Lori linalojaza na kumaliza tangi kila safari halioni shida. Gari lililoegeshwa linayakusanya. Pale maji na mazutu yanapokutana ndipo pia vijidudu huzaana na kutengeneza ute mweusi unaoziba filta. Dawa ni rahisi: jaza tangi kabla ya kuegesha, wala si siku ya kuondoka. Kama hukuweza kujaza na gari limekaa mwezi mzima, fungua skrubu iliyo chini ya tangi uchuruze kidogo kwenye chupa yako kabla ya kuwasha.

Chini ya filta ya mazutu kuna kikombe kinachokusanya maji, na chini ya kikombe kuna skrubu ya kutolea. Magari mengi yana taa kwenye dashibodi inayowaka maji yakizidi, lakini usiingoje. Tukiwa safarini natoa maji kila baada ya wiki moja au mbili, na siku zote kesho yake nikijaza mazutu ya bidoni. Zima moteri, weka chombo chini, legeza skrubu kwa mkono, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mara chache, tazama kinachotoka. Yakianza kutoka mazutu matupu, kaza. Usikaze kwa koleo. Raba yake inakatika, na hewa itaingia.

Filta yenyewe badilisha kila kilomita 10,000, au mapema zaidi ukiona gari linakosa pumzi mlimani huku kwenye tambarare likienda vizuri. Beba mbili. Ukijaza mazutu machafu, filta moja inaweza kuziba siku hiyohiyo, na mpya ya kwanza ikaziba kesho yake.

Kuwasha asubuhi

Kabla ya kugusa ufunguo nainama kutazama chini ya gari. Tone la rangi ya kijani au nyekundu yenye harufu tamu ni maji ya radiateri. Jeusi ni mafuta ya moteri. Lenye harufu kali ni mazutu. Ardhi inasema zaidi ya dashibodi. Kisha napima mafuta, natazama chupa ya maji, navuta mikanda kwa kidole.

Moteri ya aina yetu inapuliza mazutu kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla ya silinda, na ikiwa baridi kuta za chumba hicho zinanyang'anya hewa joto lake. Ndiyo maana ina buji za kupasha. Washa ufunguo nusu, ngoja taa ya buji izimike, na asubuhi ya mwezi wa saba ngoja sekunde chache zaidi, ndipo upige starta. Isipowaka, usiishikilie starta zaidi ya sekunde 10 hadi 15. Iache ipumzike nusu dakika. Ikiwaka kwa kutikisika na moshi mweupe, kisha ikatulia, buji moja au mbili zimekufa. Ni vitu vidogo na fundi anazipima kwa dakika chache, lakini wengi wanazipuuza kwa sababu «inawaka tu», huku kila asubuhi mazutu yasiyoungua yanaosha mafuta kwenye kuta za silinda.

Na nakuomba sana: usikubali mtu akupulizie eta, ile dawa ya kuwashia kwa nguvu, kwenye mdomo wa hewa wakati buji za kupasha ni za moto. Inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapasuka.

Ikishawaka, nusu dakika mpaka dakika moja inatosha kwa mafuta kupanda. Ondoka taratibu, usivute mzigo wala kupandisha mizunguko mpaka mshale wa joto utoke chini. Moteri ya mazutu haipati joto ikisimama. Inapata joto ikifanya kazi.

Usiigeuze moteri kuwa jenereta

Hapa ndipo wenye magari ya kuishi wanakosea kuliko watu wote. Betri ya nyumbani, ile ya taa na simu ndani ya gari, imeshuka, taa zimefifia, simu za familia nzima zinataka umeme, basi mtu anaiacha moteri kwenye ralanti, yaani inanguruma taratibu gari limesimama, kwa muda wa saa mbili. Ikiwa kwenye ralanti moteri inachoma mazutu kidogo tu, haifikii joto lake, mazutu hayaungui yote. Masizi yanajikusanya kwenye injekta na valvu, pete za pistoni hazikandamizwi vizuri kwenye kuta, kuta zinang'aa kama kioo na mafuta yanaanza kupita. Baada ya muda unaona bomba la moshi lina ute mweusi wa majimaji. Zaidi ya hapo, kwenye ralanti alteneta inatoa umeme kidogo. Unaua moteri ya maelfu ya dola kwa ajili ya umeme ambao paneli moja ya jua ingeutoa bure, tena kiangazi cha Katanga, jua likiwa juu tangu asubuhi hadi jioni.

Weka paneli. Weka betri ya nyumbani mbali na betri ya kuwashia, na katikati yake rilei inayotenganisha moteri ikizimwa, ili taa zako za usiku zisinywe nguvu ya starta. Na kama Coaster yako ni ya volti 24, yaani betri mbili zimeunganishwa mfululizo, usikubali fundi wa umeme akuchomolee volti 12 za redio na taa kutoka betri moja. Hiyo moja itakuwa inashuka na mwenzake anajazwa kupita kiasi, zote mbili zitakufa kabla ya siku zao. Tumia kifaa cha kushusha volti.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Usilale kamwe moteri ikiwa inanguruma. Moshi wa mazutu una sumu ya kaboni monoksaidi, kidogo kuliko ya petroli lakini ipo, haina harufu, na chumba cha gari ni kidogo. Moshi wenyewe pia, tangu 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeuweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwenye Coaster kifuniko cha moteri kiko ndani, karibu na kiti cha dereva. Raba yake ikiwa imekauka, joto, vumbi na moshi vinaingia moja kwa moja pale mnapolala na watoto. Kila kabla ya kiangazi naifungua, natazama raba nzima kwa tochi, na nanusa kwenye maungio ya bomba la moshi. Masizi meusi kwenye ungio yanaonyesha linavuja.

Maji na joto

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hapa maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100, na ukipanda uwanda wa Kundelungu yanachemka mapema zaidi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya moteri ni kifuniko cha radiateri, kwa sababu kinashikilia shinikizo. Kwa hiyo kile kifuniko cha bei ndogo ni kipande cha moteri kama pistoni. Raba yake ikipasuka au springi ikilegea, maji yatachemka huku kila kitu kingine ni kizima, na utaambiwa gasketi ya kichwa imekufa. Badilisha kifuniko kwanza. Na usikifungue moteri ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Maji yaliyokuwa yamebanwa yanageuka mvuke papo hapo na kukuunguza uso.

Usijaze maji ya bomba au ya kisima peke yake. Maji yetu yana chokaa, inaganda ndani ya mirija ya radiateri, na chuma kinakula kutu. Tumia dawa ya radiateri iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa au ya mvua. Ukipatwa njiani, jaza maji yoyote ufike salama, lakini ukifika mwaga, osha, anza upya. Badilisha kila miaka miwili.

Kuna desturi moja kwenye karakana zetu inayoniumiza moyo: kutoa termostati na kuitupa, «ili isichemke.» Papa mmoja, fundi mzee ninayemheshimu sana na ambaye mikono yake imeokoa magari mengi ya jirani zangu, alitaka kunifanyia hivyo. Nilimwambia, «Papa, naomba uiache, nitaleta mpya.» Termostati inafunga njia ya radiateri mpaka maji yafike karibu nyuzi 80, halafu inafungua. Ukiitoa, moteri inatembea baridi asubuhi yote, inakula mazutu zaidi na pete zinalika. Tena kwenye moteri nyingi, termostati ikifunguka inaziba ule mlango mdogo wa kuzungusha maji bila kupita radiateri. Isipokuwepo, mlango unabaki wazi na maji ya moto yanarudi ndani bila kupozwa. Yaani umeitoa ili isichemke, na mlimani inachemka.

Radiateri yenyewe inazibwa na mbegu za nyasi, panzi na vumbi jekundu. Mwezi wa nane, nyasi zikiwa zimekauka na moto wa porini umeanza, naosha kila wiki tukiwa njia za udongo. Maji yapigwe kutoka upande wa moteri kwenda nje, bila nguvu nyingi. Ukipiga kutoka mbele unazisukumia mbegu ndani zaidi, na mashine yenye nguvu inalaza yale mapezi membamba.

Mshale wa joto ukipanda mlimani, zima kiyoyozi kama unacho, washa kipasha joto cha ndani hadi mwisho na fungua madirisha. Hicho nacho ni radiateri ndogo. Shusha gia moja ili feni na pampu zizunguke zaidi huku unakanyaga kidogo. Ukiendelea kupanda, simama, iache kwenye ralanti dakika chache uone kama unashuka. Ila kama maji yanamwagika au mkanda umekatika, zima mara moja. Usiimwagie moteri ya moto maji baridi, kichwa kinapinda.

Vumbi

Njia ya Kasenga au ya Mitwaba wakati wa kiangazi, nyuma ya lori, huoni hata boneti ya gari lako. Vumbi lile ni mchanga laini. Likipita filta ya hewa linachanganyika na mafuta na kusaga silinda, na hakuna dawa ya hilo isipokuwa kufungua moteri nzima. Kaa mbali na lori, hata ukichelewa saa moja.

Filta ya karatasi itoe kila jioni mkiwa kwenye vumbi zito, igonge taratibu kwenye kiganja. Ukipata hewa ya kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali, kwa shinikizo dogo. Usiioshe kwa maji wala petroli. Kisha iweke mbele ya tochi gizani: ukiona nukta ya mwanga mkali, imetoboka, tupa. Kitu ambacho watu hawatazami ni raba ya ukingo na mpira unaotoka kwenye filta kwenda moteri. Pitisha kidole ndani ya ule mpira, baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, filta yako hata ikiwa mpya haisaidii kitu, kuna upenyo mahali.

Mafuta ya moteri

Mafuta ya moteri ya mazutu yanakuwa meusi ndani ya siku chache, na hiyo si dalili mbaya. Yanabeba masizi, ndiyo kazi yake. Dalili mbaya ni nyingine. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Yakinuka mazutu na kiwango kikapanda badala ya kushuka, injekta inavuja au umekaa sana kwenye ralanti. Tumia 15W-40 iliyoandikwa kwamba ni ya mazutu. Kitabu cha gari kinaweza kukuruhusu kilomita 10,000, lakini kwa vumbi letu na mazutu yetu yenye salfa, ambayo ikiungua na unyevu inazaa asidi, mimi nabadilisha kila 5,000, pamoja na filta yake. Na hata kilomita hizo zisipotimia, mara moja kwa mwaka, kabla ya kuegesha kwa ajili ya mvua, ili asidi isilale miezi yote ya mvua juu ya beringi.

Moshi unakwambia mengi: mweusi ni mazutu mengi au hewa kidogo, basi anza na filta ya hewa; wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua; mweupe usiokwisha moteri ikishapata joto ni maji au injekta mbovu.

Mwenye 1HZ, kumbuka mkanda wa ndani wa majira, ule unaopanga wakati wa valvu kufunguka. Unabadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na springi na gurudumu lake la kukaza. Ukinunua gari lililotumika, usiamini neno la muuzaji wala mita, ubadilishe mwanzoni. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Mzigo na milima

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200 ni uzito wa watu watatu ambao hawashuki kamwe kwenye kilima. Tunasafiri na tangi nusu, tunajaza karibu na kambi. Kushuka, tumia gia ileile ambayo ungepandia, acha moteri ishike gari, breki iguse kwa vipindi. Na kama moteri yako ina turbo, baada ya mlima iache kwenye ralanti dakika moja au mbili kabla ya kuzima, kwa sababu turbo inayozunguka bila mafuta inaungua beringi. Ukiacha ile ya kushusha mshale wa joto, hiyo ndiyo ralanti pekee ninayoitetea.

Maji ya mto au dimbwi usiyaingie bila mtu kutangulia kwa miguu. Maji hayakandamizwi, yakivutwa kwenye silinda, fimbo za pistoni zinapinda. Moteri ikizimika ndani ya maji, usipige starta. Vuteni gari nje, tazama filta ya hewa kama imelowa.

Hewa ikiingia kwenye mazutu

Tangi likikauka, au ukibadilisha filta, moteri itakohoa na kukataa. Jaza filta mpya mazutu safi yaliyochujwa kabla ya kuifunga. Legeza kidogo skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta au ungio la mpira unaokwenda kwenye pampu, bonyeza pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na yatoke mazutu matupu, kaza, kisha endelea kubonyeza mpaka iwe ngumu. Piga starta. Bado ikikataa, legeza nati za mirija ya injekta mbili, mwenzako apige starta mpaka mazutu yachuruzike, kisha kaza. Usiweke mkono wala uso karibu na mazutu yanayotoka kwa nguvu kwenye injekta. Yanapenya ngozi, na ni dharura ya hospitali hata kama jeraha ni dogo.

Miezi ya mvua

Kuanzia mwezi wa kumi na moja gari letu linakaa uani. Siku ya kuegesha: tangi limejaa, mafuta mapya, radiateri imeoshwa, filta ya hewa imewekwa safi, waya wa hasi wa betri umechomolewa. Panya wa Katuba wanapenda sana maganda ya waya, kwa hiyo hakuna punje ya unga wala mfuko wa mahindi unaobaki ndani. Bomba la moshi nalifunga kwa mfuko dhidi ya nyigu na mvua, na kitambaa cha rangi nafunga kwenye usukani kunikumbusha kuutoa mfuko huo.

Jirani atakwambia uiwashe kila Jumapili dakika tano. Usifanye hivyo. Dakika tano zinatengeneza maji ndani ya moteri na bomba la moshi, na joto la kuyakausha halijafika. Mara moja kwa mwezi, siku ambayo mvua imetulia, toa mfuko, unganisha betri, toka na gari nusu saa hadi saa moja barabarani, kwetu ni njia ya Kipushi, kilomita 30 kwenda. Mshale ufike mahali pake na ukae hapo. Kanyaga breki mara nyingi ili diski zisishike kutu, ingiza gia zote. Ukirudi, jaza tena mazutu uliyotumia, kisha chomoa betri.